Kuuliza si Ujinga: Vijana Wetu na Kazi ya Sayansi

Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga. Methali hii twaitumia kila siku: njiani tunapopotea, sokoni tunapotaka kujua bei, na darasani mwalimu anapoona wanafunzi wamenyamaza kimya. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaotambua kwamba katika maneno hayo matatu umo mzizi wa sayansi yote. Maana sayansi haikuanza kwa vyombo vya kioo wala kwa mitambo ya umeme. Ilianza kwa mtu aliyeona jambo, akastaajabu, akauliza, wala asitosheke na jibu mpaka alipolijaribu kwa mikono yake mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza walimu na wanafunzi wa shule za sekondari historia ya swali hilo katika nchi yetu: jinsi lilivyoulizwa zamani, jinsi lilivyochukuliwa na wengine, na jinsi lilivyorudi mikononi mwa vijana wetu. Nayaandika kwa sababu katika miaka mingi ya utumishi wa umma nimesikia mara kwa mara maneno ambayo, kwa maoni yangu, yanaliletea taifa hasara kubwa. Kijana huambiwa kwamba sayansi ni elimu ya kigeni. Tena huambiwa kwamba sayansi ni ya wenye vichwa vya pekee. Na akiwa msichana, huongezewa la tatu, kwamba sayansi ni kazi ya wanaume. Atakayeisoma vizuri historia yetu ataona kwamba maneno hayo yote matatu hayana msingi.

Tuanze na chuma. Katika nchi ya Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, watu walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 2000 iliyopita. Hayo si masimulizi matupu. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili kutoka Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walichunguza mabaki ya matanuri ya kale ya sehemu hizo, kisha wakawaomba wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi hiyo wajenge tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya macho yao. Wazee wakachimba shimo, wakachoma ndani yake majani ya bwawani, wakajenga ukuta juu ya shimo hilo, wakapenyeza mirija iliyofinyangwa kwa udongo, wakapanga mkaa na mtapo, na mivukuto ikaanza kupuliza. Chuma kilitoka. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 1978 katika jarida kubwa la sayansi la Marekani, zikazua mjadala miongoni mwa mabingwa wa madini, ambao wengi wao hawakuwahi kufikiri kwamba tanuri la udongo la Afrika lilistahili kujadiliwa.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mtapo wa chuma ni chuma kilichoshikamana na oksijeni. Ili kuvitenganisha, hapana budi mkaa uwake kwa moto mkali sana na kutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo huunyang'anya mtapo oksijeni yake na kukiacha chuma peke yake. Moto ukipungua, chuma hakitoki. Hewa ikizidi, chuma kilichokwisha kutoka hushikwa tena na oksijeni. Wazee wetu hawakuyajua majina hayo, lakini vipimo vyake walivijua. Walijua udongo gani hustahimili moto, mkaa wa mti gani huwaka kwa nguvu, na mivukuto ipulizwe kwa kasi gani. Elimu hiyo haikuwashukia kama umande. Waliipata kwa kujaribu, kukosea, kukumbuka na kujaribu tena, kizazi baada ya kizazi. Huo ndio mwendo wa sayansi, hata kama haukuitwa kwa jina hilo.

Hata hivyo, yatupasa tuseme kweli yote. Elimu ya wafua chuma ilikuwa mali ya koo chache. Ilizungushiwa miiko, wanawake wakazuiwa kuikaribia, wala haikuandikwa popote. Majembe ya viwandani yalipoingia kwa wingi kutoka ng'ambo, matanuri yalizimika moja baada ya jingine, na elimu ya karne nyingi ikabaki vichwani mwa wazee wachache. Kama wazee wale wa Buhaya wangefariki kabla ya kuulizwa, leo tungebaki na vipande vya mavi ya chuma mashambani bila mtu wa kutueleza vilitokana na nini. Hilo ni fundisho la kwanza la historia yetu: elimu isiyogawanywa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Zama za ukoloni zilileta sayansi ya namna nyingine. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Walipoondoka, Waingereza walikiendeleza. Katika miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey na wenzake walikuwa hapo Amani wakishughulika na magonjwa ya mhogo. Ugonjwa wa batobato, ambao huyakunja majani na kuyatia madoa ya manjano, ulikuwa umeandikwa mara ya kwanza duniani kutokana na mihogo ya nchi hii, mwaka 1894. Mwaka 1936 Storey akauandika ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ambao ni mwovu zaidi kwa kuwa shina na majani yaweza kuonekana mazima, kumbe mzizi chini ya ardhi umekwisha kuoza. Watafiti wa Amani walipandanisha mhogo na mmea wa jamii yake unaotoa utomvu wa mpira, wakapata mbegu zenye uvumilivu. Vizazi vya mbegu hizo vilikuja kutumiwa hata na watafiti wa Nigeria, mbali kabisa na Usambara.

Kazi hiyo ilikuwa njema, wala hatuna sababu ya kuibeza. Lakini mwanafunzi wa historia lazima aulize: ilikuwa kazi ya nani? Waafrika walipalilia vitalu, walikusanya majani na wadudu, walionyesha njia za msituni. Meza ya utafiti na kalamu ya kuandika matokeo vilikuwa vya mgeni. Mtoto wa mpalilia vitalu hakutarajiwa kuja kukalia kiti cha Storey.

Mfano wa Newala unalidhihirisha jambo hilo zaidi. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa mpya katika nyanda za juu za Makonde, kusini mwa nchi yetu. Wagonjwa walishikwa na homa kali na maumivu ya viungo yaliyowapinda mgongo wasiweze kusimama wima. Wamakonde waliuita ugonjwa huo chikungunya, jina lenye maana ya kujikunja. Madaktari wa serikali ya kikoloni waliuchunguza, kirusi chake kikapatikana katika damu ya wagonjwa, na taarifa zikachapishwa Uingereza mwaka 1955. Leo ugonjwa huo umeenea Asia na Amerika na umefika hata Ulaya, na kila daktari anayeutaja hutamka neno la Kimakonde. Sisi tulitoa wagonjwa, tukatoa damu ya kupimwa, tukatoa na jina. Elimu ilivunwa na wengine, kwa sababu Newala ya siku hizo haikuwa na mwana wake aliyefundishwa kutumia hadubini.

Hali hiyo ndiyo tuliyoirithi tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba baada ya zaidi ya miaka 40 ya utawala wa Waingereza, nchi ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Msomaji ayatafakari mahesabu hayo. Nchi kubwa kuliko Ufaransa, yenye watu wapatao milioni 10, ilitakiwa kujenga madaraja, kuchimba visima, kupima ardhi na kutibu wagonjwa kwa watu ambao wangeweza kukaa wote katika basi moja na nafasi zikabaki.

Kwa hiyo hatua zilichukuliwa. Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kilifunguliwa mwaka 1963 kufundisha uhifadhi wa wanyamapori. Mwaka huohuo ilianzishwa shule ya udaktari Dar es Salaam. Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu kilianza mwaka 1965, na Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979, na kituo cha Amani kikawa chini yake. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianza Morogoro, na sheria ya kuunda Tume ya Sayansi na Teknolojia ilipitishwa mwaka 1986. Majengo hayo yalikuwa ya lazima. Lakini jengo ni kama kibuyu: thamani yake ni kile kilichomo. Na kitu cha kutiwa ndani ya majengo ya sayansi ni vijana wanaouliza. Hapo ndipo historia yetu inapotupeleka tena Usambara, safari hii si kwenye kituo cha utafiti, bali kwenye shule ya sekondari.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi wa hapo walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na vijana walikuwa wakigombania. Siku moja Mpemba aliona mwenzake amekimbilia nafasi kwa maziwa yasiyochemshwa. Alijua kwamba akingoja maziwa yake yapoe atakosa nafasi, basi akayatia jokofuni yangali moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi. Maziwa ya Mpemba, yaliyoingia yakiwa moto, yalikuwa yamekwisha kuganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Kijana akanyamaza, lakini swali halikunyamaza. Wakati wa likizo aliwakuta watu wa Tanga waliouza aiskrimu, akagundua kwamba nao hutia mchanganyiko wao ukiwa moto, maana waliona kwa mazoea kuwa huganda upesi zaidi. Akafaulu kwenda Shule ya Mkwawa, Iringa, kuendelea na masomo ya juu. Huko, walipofikia somo la kupoa kwa vitu vyenye joto, akauliza tena. Jibu likawa lilelile, na safari hii likatiwa kejeli: mwalimu alisema kwamba fizikia ya namna hiyo ilikuwa ya Mpemba peke yake, wala si ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, wenzake walimcheka kwa maneno hayo.

Nawaomba walimu wasimame kidogo mahali hapa. Kijana huyu amekataliwa na walimu wawili, na darasa zima linamcheka. Wengi wetu tungeacha. Mpemba hakuacha. Siku moja alikuta maabara ya biolojia i wazi, akachukua vyombo viwili vidogo, kimoja akakitia maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka katika sehemu ya kugandishia. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi katika chombo kilichokuwa na maji ya moto. Hapo ndipo kilio cha mwanafunzi kilipogeuka kuwa ushahidi.

Kisha alikuja Mkwawa mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, jina lake Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akauliza swali lake mbele ya watu wote: kwa nini maji yenye joto la nyuzi 100 huganda kabla ya maji yenye nyuzi 35, kama vyombo ni sawa na kiasi cha maji ni sawa? Wenzake waliona haya kwa ajili yake. Osborne alimwuliza kama kweli amelijaribu jambo hilo. Aliposikia amelijaribu, alikiri kwamba hajui sababu, akaahidi kulijaribu mwenyewe atakaporejea Dar es Salaam. Akatimiza ahadi. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alirudi na habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Alirudia, na matokeo hayakubadilika. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza. Tangu hapo jambo lile limeitwa duniani kote kwa jina la Mpemba.

Yako mambo matatu ya kujifunza katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba wataalamu wa kale, akiwamo Aristotle wa Ugiriki na Francis Bacon wa Uingereza, waliwahi kugusia jambo hilo katika maandishi yao, lakini likasahauliwa hata likaonekana upuuzi. Kitabu cha darasani hakina kila kitu, na mwalimu anayedhani kina kila kitu amefunga mlango ambao sayansi huingilia.

La pili ni kwamba swali lenyewe halijaisha. Wengine wamesema maji ya moto hupungua kwa kugeuka mvuke. Wengine wametaja hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, au mizunguko ya maji chomboni, au theluji ya jokofu inayoyeyuka chini ya chombo chenye joto. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliwashindanisha watu kuleta maelezo, yakaja maelezo 22,000. Mwaka 2016 watafiti wengine wa Uingereza walipima kwa makini wakasema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha katika maji. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada wakaonyesha jambo la namna hiyo kwa uwazi katika jaribio la chembe ndogo sana. Mwanafunzi asivunjike moyo kwa mabishano haya. Sayansi si msahafu wa majibu. Ni baraza ambalo kila asemaye huombwa ushahidi, awe profesa wa Ulaya au mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Lushoto.

La tatu linahusu kazi. Mpemba hakuwa profesa wa fizikia. Alikwenda Mweka kujifunza uhifadhi, akalitumikia taifa katika idara ya wanyamapori. Wapo wanaosikitika kwamba alipotea njia. Mimi siafiki. Jicho lililoona maziwa yakiganda kinyume cha kanuni ndilo jicho linalohitajiwa na mtu wa kuhesabu tembo, kufuatilia nyayo na kutambua mapema kwamba malisho yanakauka. Kazi za sayansi ni nyingi kuliko koti jeupe la daktari. Yuko bwana shamba na bibi shamba, daktari wa mifugo, mfamasia, mpima ardhi, mtabiri wa hali ya hewa, mjiolojia anayetafuta madini na maji. Yuko fundi sanifu wa maabara, kama yule aliyerudia jaribio la Osborne, ambaye bila mkono wake makala ile isingeandikwa. Na yuko mwalimu wa fizikia wa shule ya kijijini, ambaye huenda ndiye mkubwa wao wote, maana hao wengine wote hupita mikononi mwake.

Na wasichana je? Esther Mwaikambo alisomea udaktari katika Umoja wa Kisovyeti, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Tanzania kuingia katika kazi hiyo, bingwa wa magonjwa ya watoto na mlezi wa madaktari wengi. Mwaka 1987 alikuwa mmoja wa waasisi wa Chama cha Madaktari Wanawake. Mwaka 2011 daktari Julie Makani wa Muhimbili alipewa tuzo na Royal Society ya Uingereza kwa utafiti wake wa selimundu, ugonjwa wa damu unaowatesa watoto wengi wa Afrika. Tanuri la kale liliwafukuza wanawake kwa miiko. Maabara ya leo haina mwiko huo, na mzazi anayemwambia binti yake asishike hesabu anaurudisha mwiko ambao historia imekwisha kuuvunja.

Wako pia wanaoogopa hisabati. Kwao nasema kama mtunzi wa mashairi. Sisi watunzi twahesabu. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kabla ya kituo na nane baada yake, na mizani moja ikizidi sikio la msikilizaji hulalamika mara moja. Fundi wa mashua wa pwani hukadiria urefu wa mkuku na upana wa tumbo, ama sivyo chombo chake hupinduka. Mama anayesuka ukili hugawa milala kwa idadi isiyokosea. Watu wenye mizani katika mashairi yao, katika vyombo vyao na katika mikeka yao hawawezi kuambiwa kwamba hesabu ni ngeni kwao. Kilicho kigeni ni hofu tu, na hofu hufundishwa.

Lugha nayo ina sehemu yake. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, hali Kiingereza kilibaki lugha ya sekondari. Kila mwalimu amemwona mwanafunzi aliyeng'ara katika darasa la saba akageuka bubu katika kidato cha kwanza. Si kwamba hana swali. Ana swali, lakini anaogopa atakosea sentensi ya kuliulizia. Wataalamu wetu wa lugha hawakulala: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na maneno kama hadubini, usanisinuru na mvutano yanaeleweka na watoto. Basi hata pale ambapo mtihani ni wa Kiingereza, klabu ya sayansi baada ya masomo na iwe mahali ambapo mwanafunzi huuliza kwa lugha anayoiotea ndoto. Akishalielewa jambo, kulitafsiri ni kazi ndogo.

Najua walimu watasema kwamba maabara hazina vifaa. Ni kweli, na ni wajibu wa sisi watumishi wa serikali kuviomba na kuvipigania. Lakini Mpemba alianza kwa maziwa. Chupa iliyokatwa shingo hupima mvua. Kijiti kilichosimikwa uwanjani huonyesha mwendo wa jua. Bustani ya shule yaweza kugawanywa vitalu viwili, kimoja chenye samadi na kingine kisicho nayo, na mavuno yakapimwa kwa mizani ya dukani. Kila mwanafunzi na awe na daftari la maswali, na kila juma darasa lichague swali moja la kujaribiwa. Mwalimu asipojua jibu, aseme, "Sijui, tujaribu." Maneno hayo hayampunguzii heshima yake. Osborne aliyasema, na jina lake limedumu kwa sababu hiyo.

Tena wanafunzi waangalie matatizo yaliyo karibu nao, wasidhani kwamba sayansi hukaa mbali. Askwar Hilonga, mtoto wa Karatu, aliyajua tangu utotoni maradhi yanayoletwa na maji machafu. Alisomea uhandisi wa kemia mpaka Korea ya Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, akatengeneza chujio linaloondoa uchafu na floraidi katika maji ya sehemu hizo. Mwaka 2015 chujio hilo lilipata tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza. Swali lake hakulitoa katika kitabu. Alilitoa kisimani.

Yako maswali mengine yanayongoja. Michirizi ya kahawia, ule ugonjwa wa mhogo ulioandikwa Amani mwaka 1936, haukwisha. Kwa miaka mingi ulikaa zaidi katika mikoa ya pwani, lakini tangu mwaka 2004 umeenea Uganda na nchi nyingine za maziwa makuu, ukiozesha chakula cha watu ardhini kabla hawajakichimba. Watafiti wetu, wakiwamo wale wa kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, wamefanya kazi kubwa ya kuvitambua virusi vyake na kutafuta mbegu zinazouvumilia, lakini mkulima bado hufukua shina alilolipalilia mwaka mzima akakuta mizizi yenye doa la kahawia isiyofaa hata kulisha mifugo. Storey alikwisha kufariki. Wale waliopalilia vitalu vyake nao walikwisha kufariki. Kiti cha utafiti sasa ni chetu, na hakuna sheria ya kikoloni inayomzuia mtoto wa mkulima kukikalia.

Basi wewe mwanafunzi usomaye makala haya katika shule ya kata, mbali na mji, usingoje kuitwa. Ukirudi nyumbani, nenda shambani kwa bibi yako, ung'oe mhogo mmoja, uukate, uutazame. Ukiona doa la kahawia, mwulize bibi lilianza mwaka gani, na ni mbegu ipi katika shamba lake isiyopata doa hilo. Yaandike majibu yake. Halafu kesho mpelekee mwalimu wako daftari hilo, nawe mwalimu, tafadhali, lisome.